Muyaka alizaliwa mwaka gani, na nani alihesabu?

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kidato cha tano na cha sita huko Songea ameniandikia. Nafupisha swali lake: "Kila kitabu nilicho nacho kinasema Muyaka bin Haji alizaliwa 1776, akafa 1840, na kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: nani alihesabu? Halafu akauliza kwa nini utendi wa Mwana Kupona una mwaka kamili, lakini mashairi ya Muyaka hayana. Nilikosa jibu. Je, maisha ya washairi hawa wa kale tunayajua kutoka wapi, na niyafundishe vipi?"

Mwalimu, nakupongeza kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Swali lake la pili ndilo linalofungua la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo.

Utendi na shairi fupi la beti chache havikulelewa nyumba moja. Mtunzi wa utendi alikuwa anaandika, kwa herufi za Kiarabu, juu ya karatasi, akijua kwamba kazi yake itanakiliwa na watu asiowafahamu. Kwa hiyo alifuata desturi ya waandishi wa Kiislamu: alianza kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, na mwishoni akajitaja yeye mwenyewe, akaomba dua, na mara nyingi akataja mwaka wa Hijria. Mwana Kupona alifanya hivyohivyo. Karibu na mwisho wa utendi wake anasema:

Ina lake mufahamu
ni mtaraji karimu
Mwana Kupona Mshamu
Pate alikozaliwa.

Katika ubeti mmoja umepata jina lake, jina la baba yake na mahali alipozaliwa. Jirani na ubeti huo kuna tarikhi: elfu moja, mia mbili na sabini na tano ya Hijria, mwaka ulioanza Agosti 1858. Mwanafunzi wako akiuliza nani alihesabu, mwambie mwenyewe alihesabu.

Muyaka hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Shairi lake lilikuwa la beti chache, mara nyingine ubeti mmoja tu, na lilisemwa mbele ya watu waliomjua kwa sura na kwa sauti. Mombasa ya wakati wake ilikuwa mji wa watu wachache waliokutana kila siku barazani, bandarini na msikitini. Nani aandike jina lake chini ya maneno aliyoyasema mbele ya jirani zake? Shairi lilitoka mdomoni, likashikwa na masikio, likajibiwa. Lililopendwa lilibaki katika kumbukumbu za watu, na lisilopendwa likapotea siku hiyohiyo.

Ndiyo maana 1776 na 1840 ni makisio. Wahariri waliangalia matukio yanayotajwa katika mashairi, wakayapanga pamoja na watawala wanaotajwa, wakarudi nyuma wakikadiria umri. Makadirio yao yana msingi mzuri, na mimi mwenyewe ninayatumia, ila ninaweka neno "takriban" mbele yake kila mara. Ningependa kuona vitabu vyetu vya shule vikifanya hivyo pia. Neno hilo moja linamfundisha kijana jinsi historia inavyotengenezwa.

Sasa tuje kwenye njia ambayo mashairi yenyewe yalipita, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri, na vitabu vingi vya shule huparuka.

Takriban miaka 40 baada ya Muyaka kufa, alikuwapo Mombasa mtu aliyeitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Alikuwa msomi na mshairi, na alifariki mwaka 1890. Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika. Katika kazi hiyo alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyeishi Mombasa miaka ya 1880 na kukijua Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa kiwango ambacho wageni wachache walikifikia. Taylor alikusanya miswada, akaandika maelezo pembeni: shairi hili alijibiwa fulani, neno hili maana yake hivi. Karatasi zake hatimaye zikahifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Kutoka huko William Hichens akatayarisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka, chenye mashairi, tafsiri na historia ya mji.

Angalia safari hiyo: Mombasa, London, Johannesburg, Nairobi. Na angalia nani amekosekana katika vitabu vyetu. Jina la Taylor hutajwa, la Hichens hutajwa. La Sikujua mara nyingi halitajwi, au linapita kama jina la msaidizi. Hili linaniuma kwa kweli. Bila yeye kuwafuata wazee wa mji wake wakati bado wako hai, sehemu kubwa ya Muyaka isingekuwapo. Ukifundisha Muyaka, Mwalimu, mwandike Sikujua ubaoni pia.

Njia hiyo ina matokeo mengine ambayo mwanafunzi wako atayafurahia. Shairi lililokaa kichwani mwa watu nusu karne hubadilika neno hapa na neno pale. Linaweza pia kuhamia kwa mshairi maarufu zaidi, kwani mtu anayekumbuka ubeti mzuri wa zamani bila kumkumbuka mtunzi wake ataelekea kusema, "Huu ni wa Muyaka." Kwa hiyo tunaposema "mashairi ya Muyaka" tunasema mashairi ambayo wazee wa Mombasa wa miaka ya 1880 waliyajua kuwa ni yake. Huo ni ushahidi wenye uzito, ulio karibu naye kwa kizazi kimoja au viwili. Lakini hauwi sawa na mtu aliyejiandika mwenyewe ndani ya utendi wake.

Tuje kwenye maisha. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi juu ya Muyaka ni upande aliokuwapo. Alikuwa mtu wa Mvita, yaani Mombasa, na alisimama na Wamazrui waliotawala mji. Karibu na mwaka 1812 Mombasa na Pate walikwenda kupigana na Lamu, wakashindwa vibaya pwani ya Shela, katika vita ambavyo watu wa huko waliviita vita vya Kuduhu. Baada ya hapo Lamu ikatafuta ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Omani, na kutoka hapo Mombasa ikawa mji unaosubiri kushambuliwa. Mwaka 1824 bendera ya Uingereza ilipandishwa juu ya ngome kwa ombi la Wamazrui, ikashushwa mwaka 1826. Tangu 1828 majeshi ya Sayyid Said yakaja zaidi ya mara moja. Mwaka 1837 mji ukaangukia mikononi mwake, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali, hawakurudi.

Mchukue mwanafunzi katika miaka hiyo, kisha msomee ubeti huu:

Kimya mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele,
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile,
Kimya msikidharau, nami sikidharawile,
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.

Nimeuona ubeti huu ukifundishwa kama wasia wa kukaa kimya na kuwa na subira. Soma mshororo wa pili tena. Kumbuu ni mshipi unaofungwa kiunoni, na mtu aliyejifunga kiuno yuko tayari kwa kazi au kwa vita. Halafu sikia jinsi anavyosema na watu wengi: msikidharau, tahadharini. Katika mji unaotazama bahari ukingoja jahazi za adui, maneno haya yana makali. Yanaweza kuwa onyo kwa watu wake mwenyewe kwamba adui aliyenyamaza anajiandaa. Yanaweza pia kuwa salamu kwa adui, kwamba mkituona kimya msidhani tumelala. Mimi naona yote mawili yamo, na mwanafunzi anayetetea upande mmoja kwa kutumia maneno ya ubeti wenyewe anastahili alama zake zote.

Sasa ile kauli ya msikitini na sokoni. Ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya maana. Kazi nyingi za kale zilizotufikia kwa maandishi ni za dini: Hamziya ya Sayyid Aidarusi, tenzi za vita vya Mtume na masahaba, kama ule wa Tambuka ulioandikwa na Mwengo bin Athman kwa mfalme wa Pate mwaka 1728. Ukizipanga hizo kisha ukamweka Muyaka baada yake, akizungumzia bei, mapenzi, majirani, njaa, siasa za ngome na ugomvi na Lamu, unaona kama mlango umefunguliwa ghafla.

Lakini tulichonacho kutoka karne za nyuma ni kile ambacho watu waliona kinafaa kunakiliwa, na walionakili walikuwa wanachuoni. Nyimbo za harusi, za ngoma ya gungu, za mabaharia na za kupigana vijembe hazikuingia katika karatasi zao. Mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye enzi zake zinabishaniwa hadi leo, yamejaa ngoma, upinde, mapenzi na majivuno, na watu waliyaimba kabla Muyaka hajazaliwa. Tena, wakati Muyaka anatunga Mombasa, Lamu walikuwa wanamjibu. Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa Lamu, alikuwa mshairi wa siasa naye. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walikusanya mashairi ya pande zote katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu kilichotoka 1995, na ukikisoma utaona uwanja mzima wa watu wanaorushiana beti baina ya Lamu, Pate na Mombasa. Muyaka alikuwa mmoja wao. Naamini alikuwa bora kuliko wote, kwa ufundi wa kulipindua jambo katika utao, nusu ya pili ya mshororo, baada ya kuliweka katika ukwapi, nusu ya kwanza, na kwa namna anavyokifanya kibwagizo kibadilike maana kila kinaporudi. Hata hivyo soko lilikuwa na watu kabla yake. Yeye alipata bahati ya kuwa na Sikujua.

Na kusema kwamba aliutoa ushairi msikitini kunamfanya kana kwamba aliupa dini kisogo. Mashairi yake yanamtaja Mungu, yanaitumia Kurani kwa urahisi wa mtu aliyesoma chuoni tangu utotoni. Mtu wa Mombasa wa wakati ule hakuona mpaka kama huo katika siku yake.

Kuna hatari nyingine unayopaswa kuwaonya wanafunzi: kuchukua kila "mimi" ya shairi kuwa wasifu. Muyaka ana mashairi ya mapenzi na ya kulalamika umaskini, na baadhi ya wasomaji wameyageuza kuwa habari za ndoa zake na mfuko wake. Katika kujibizana, mshairi huvaa sauti. Anaweza kusema kwa kinywa cha mpenzi aliyeachwa, cha mzee, cha mji wenyewe. Shairi la kisiasa lenye jina la mtawala au la vita linaweza kupimwa kwa historia. Shairi la "moyo wangu umeungua" haliwezi kupimwa hivyo, na hakuna haja.

Kwa Mwana Kupona hatari hiyo inakuja kwa sura nyingine. Utendi wake unafundishwa kama orodha ya wajibu wa mke kwa mume, mpaka mtunzi mwenyewe akadhaniwa kuwa mwanamke mnyenyekevu wa ndani asiyejua ya nje. Kumbuka alikuwa nani. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji mdogo katika kisiwa cha Pate uliokataa kumtii Sayyid Said, ukapigana naye kwa miaka. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyu, mgonjwa, anamwita binti yake Mwana Hashima, msichana wa umri wa kama miaka 17, amsogelee na wino na karatasi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia.

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Baba amekufa, mama anakufa, ukoo uko vitani na dola kubwa kuliko wao. Binti atabaki katika ulimwengu ambao usalama wake utategemea ndoa, heshima ya watu na ulimi wake. Wasia uliotolewa chini ya hali hiyo una habari za kisiasa ndani yake hata pale unapozungumzia kumkanda mume na kumfukizia udi. Ndiyo sababu sehemu ndefu ya mwisho ni dua: anaomba kwa ajili ya watoto wake, ndugu zake, afya yake. Sikubaliani na wanaomsoma kama msemaji wa unyonge, wala na wanaotaka kumgeuza mwanaharakati wa karne ya 21. Alikuwa mama mwenye elimu, aliyeijua hatari, aliyemwachia mwanawe silaha alizoziona kuwa zinafaa. Hashima aliishi hadi karne ya 20, na utendi ukanakiliwa nyumba hadi nyumba.

Kuna wengine ambao maisha yao hatuna kabisa isipokuwa nasaba, na bado kazi zao zinatosha. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, hupewa miaka takriban 1720 hadi 1820, makisio mapana kweli. Alitoka katika ukoo wa masharifu wa kaskazini. Lakini mji anaoulilia, Pate, una magofu yake hadi leo, na mtu aliyeyaona hawezi kuusahau ubeti huu juu ya nyumba za matajiri wa zamani:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme,
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

Nyumba zilizokuwa na taa na vyombo vya Kichina ziko tupu, popo wananing'inia juu, hakuna sauti, buibui wametanda nyuzi zao. Biashara ilihama, vita vya ndani vikala watu, na mji uliokuwa mkubwa kuliko Lamu ukabaki kijiji. Hapa ningewapa wanafunzi historia ya Pate na kuachana kabisa na kutafuta mtunzi alikuwa na wake wangapi au alisafiri wapi.

Kisha walinganishe na Shaaban Robert, kwa sababu hapo hali inageuka kabisa. Yeye alizaliwa Januari 1, 1909, Vibambani karibu na Tanga, akafariki Juni 1962. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, wa forodha kwa miaka mingi, na alijiandikia wasifu wake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo ameweka Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, na hapo wanafunzi wataona jinsi alivyoshika mkono wa Mwana Kupona aliyemtangulia kwa karibu miaka 90. Humo pia kuna habari ya kufiwa na mkewe, na shairi lake la "Amina umejitenga". Kwa Shaaban "mimi" ya shairi na mtu wa wasifu tunaweza kuwaweka pamoja kwa sababu mwenyewe ametupa ruhusa. Kumbuka tu kwamba wasifu nao umechaguliwa: karani wa serikali wa miaka ya 1940 hakuandika kila alichokifikiria juu ya serikali iliyomlipa mshahara. Mengi ya hayo aliyaweka Kusadikika, mwaka 1951, chini ya kivuli cha nchi ya kubuni.

Umeniuliza ufundishe vipi. Ningeanza na ubeti, si na tarehe. Waandikie "Kimya mshindo mkuu" ubaoni bila jina la mtunzi, wahesabu mizani (16 kila mshororo, nane kwa nane), watafute vina vya kati na vya mwisho, waseme wanadhani mtunzi anamwambia nani. Siku ya pili wape habari za Kuduhu na za 1837, wasome tena. Nakuhakikishia darasa litabadilisha maoni, na watabishana. Siku ya tatu ndipo uwape Sikujua, Taylor na Hichens, na swali la nani alihesabu.

Ukipata nakala ya kitabu cha Abdulaziz katika maktaba ya chuo kikuu, itumie kuliko vifupisho vya vitabu vya mitihani, kwa sababu maelezo ya kila tukio yamo. Kimvita kitawasumbua mwanzoni: mato kwa macho, ndoo kwa njoo. Wasomee kwa sauti, au umwombe mtu anayejua kughani, maana mashairi haya yalitungwa kwa ajili ya koo na masikio, na maneno mengi magumu hujieleza yenyewe yanapoimbwa. Wenye hamu zaidi wagawe makundi mawili, kundi moja liwe Mvita, jingine Lamu. Mvita wachague ubeti wa Muyaka, na Lamu wamjibu kwa mizani ileile na vina vilevile, ndani ya juma moja.